Konati ya mzee inakataa kukaa na wenzake: nimevuta slaidi, bado iko juu

Konati_Kondele (mwenye uzi)

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mgeni hapa, na kwenye kupuliza pia ni mgeni. Nina miezi mitano tangu nianze konati, ile ndugu fupi ya tarumbeta, katika bendi ya kanisa letu hapa Kisumu. Kabla ya hapo nilikuwa kwaya, sauti ya tena, kwa hiyo do-re-mi naijua hata usingizini. Noti za mistari ndizo zinazonitoa jasho.

Chombo si changu. Ni cha baba yangu mkubwa kule Vihiga, alikipuliza ujanani kabla magoti hayajamkatalia maandamano. Kimelala kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda miaka na miaka. Alinipa kwa masharti mawili: nisikiazime mtu, na nisikipeleke kwa fundi yeyote bila yeye kujua.

Shida ni hii. Bandimasta akisema "nipeni C", wote wanatoa sauti moja, yangu inaruka juu yao kama mtu aliyekanyaga msumari. Akaniambia nivute slaidi kubwa, lile bomba la kuteleza linalorefusha chombo. Nikavuta upana wa kidole, ikakwama hapo. Bado iko juu. Jumapili iliyopita akaniomba kwa upole nipulize chinichini "mpaka utakapozoea". Maana yake ninyamaze.

Nimeweka programu ya tyuna (kipima sauti) kwenye simu. Nikipuliza C inaandika B flati (nusu hatua chini ya B), mara inaruka inaandika B. Sasa sijui hata chombo kinapiga noti gani. Je, mbovu ni mimi, ni simu au ni konati? Mzee anasema konati haijawahi kuwa na kosa. Nikimwambia iko juu ananiangalia kama nimemtukana.

TenaHoni_Nakuru

Karibu sana. Tuanze na lile jepesi. Konati ni chombo cha B flati. Ukisoma C kwenye karatasi yako, sauti inayotoka ni B flati ya kinanda. Simu haijui karatasi yako imeandikwa nini, inasikia sauti tu. Kwa hiyo kuandika B flati ni sawa kabisa. Mimi napuliza tena honi, kubwa kuliko konati, ambayo ni ya E flati, na C yangu simu huiita E flati. Mwaka wangu wa kwanza nililia kwa hilo, usione haya. Programu nyingi zina mahali pa kuchagua aina ya chombo. Ukichagua B flati, itakuandikia C kama ulivyozoea.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo kuruka kwenda B. Mshale unasimama wapi hasa? Kuna namba, itaje.

Konati_Kondele

Asante dada. Nimepuliza mara sita sasa hivi. 41, 45, 44, 48, halafu ikaruka, halafu 45. Zote zina alama ya kujumlisha.

Mwalimu_Lab

Hizo ni senti. Kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, nyeupe au nyeusi, kuna senti 100. Wewe uko 45, karibu katikati ya vitufe viwili. Ndiyo maana simu inashindwa kuamua ikuite nani. Mwanafunzi anayeanza kuwa juu kwa senti 10 au 20 ni jambo la kila siku. 45 ni nyingi mno.

Kibuye_Boy

Senti 45 hata kitunguu hupati soko la Kibuye siku hizi 😂

BesiMzito

Mimi napuliza tuba Bungoma mwaka wa kumi na saba huu. Kijana, kabla hujalaumu chombo, jilaumu wewe. Anayeanza hubana midomo kama anayeogopa daktari wa meno, na midomo ikibana sauti hupanda. Halafu anabandika chombo mdomoni kwa nguvu mpaka kinaacha duara jekundu. Jaribu hivi: pumua mpaka tumbo litoke nje, puliza C ndefu kama mtu anayepasha viganja joto, meno ya juu na ya chini yasigusane. Usiitazame simu. Funga macho, shika noti mpaka itulie, ndipo ufungue macho usome. Ukiitazama tangu mwanzo, midomo itaufukuza mshale na hutajua chombo chako kinakaa wapi kwa asili.

Na tafadhali, pasha chombo joto kwanza. Dakika kumi za kupuliza taratibu. Chombo baridi kiko chini. Ukikityuni kikiwa baridi, katikati ya wimbo wa pili kitakuwa kimeshapanda.

Rift_Bandsman

Nadhani ni mambo ya mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Hewa nyepesi inabadilisha sauti. Mimi nikishuka Kisumu tarumbeta yangu hupanda kila mara.

Mwalimu_Lab

Inapanda ndiyo, lakini si kwa mwinuko. Mwendo wa sauti hewani unafuata joto, wala haujali wembamba wa hewa. Kila nyuzi moja ya joto inaongeza karibu mita 0.6 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, hewa iliyo ndani ya bomba ikipata joto nyuzi moja zaidi, noti inapanda kama senti 3. Ukitoka na tarumbeta Nakuru asubuhi ya Julai, watu wakiwa na makoti, ukafika Kisumu saa nane mchana, lazima ipande. Ni jua hilo, mlima hauhusiki.

Lakini kwa mwenye uzi hilo haliingii. Ili joto pekee limpe senti 45 angehitaji tofauti ya nyuzi kama 15 kati yake na aliyekaa kiti cha pembeni. Wako ukumbi mmoja. Joto halichagui.

TenaHoni_Nakuru

Njia ya kumaliza ubishi huu ipo. Badilishana. Mpe bandimasta konati yako apige C akiwa ameshapasha, nawe upige yake. Simu iwe mezani. Utajua kama kosa linakufuata wewe au linafuata chombo.

Halafu swali jingine: kile kikombe cha kupulizia kilikuja na konati, au umekitoa kwenye tarumbeta? Shina la kikombe cha konati ni jembamba kuliko la tarumbeta. Cha tarumbeta hakizami vizuri kwenye konati, kinabaki nje, na noti zote zinaharibika.

Konati_Kondele

Kikombe ni chake mwenyewe, kilikuwa sanduku moja na konati.

Masharti ya mzee yanasema nisiazime, lakini nimejiambia kwamba kubadilishana dakika tano mbele ya macho yangu si kuazima. Jana baada ya mazoezi tumefanya. Bandimasta na konati yangu: 42. Mimi na konati yake: 7. Akarudia. 43. Akaigeuzageuza, akachungulia ndani ya kengele (ule mdomo mpana wa mbele), akasema "hii kitu ina mambo yake". Hiyo ndiyo mara ya kwanza ananiangalia kama mwanabendi.

BesiMzito

Naondoa maneno yangu. Si midomo.

(Sijaondoa yale ya kufunga macho. Hayo yabaki.)

Kibuye_Boy

Tuba imeomba msamaha, wekeni tarehe.

MzeeTromboni

Nimesoma tangu juu, sikutaka kuingilia. Kijana, chukua kitambaa laini, futa kengele ya hiyo konati polepole, halafu uniambie kimeandikwa nini. Usitumie chumvi wala limau wala majivu. Kitambaa tu.

Konati_Kondele

Shikamoo mzee. Nimefuta. Kuna nakshi ya duara ambayo nusu imefutika. Nasoma LONDON, chini yake ST ALBANS. Kwenye valvu ya pili (zile tatu za kubonyeza kwa vidole) kuna namba ndefu. Mwaka sioni.

MzeeTromboni

Marahaba mwanangu. Basi kaa chini.

Jeshi la Wokovu lilikuwa na kiwanda chake cha vyombo vya bendi katika mji wa St Albans, Uingereza, tangu 1901 mpaka kilipouzwa 1972. Kenya Jeshi liliingia 1921, na vyombo vya kiwanda hicho vikafuata, ndiyo maana huku kwetu Vihiga na Kakamega hutakosa kukikuta kimoja kikining'inia ukutani kwa watu.

Sasa sikiliza vizuri. Leo karibu dunia nzima inatyuni kwa A ya 440, yaani ile A ya katikati inatetema mara 440 kwa sekunde. Hilo lilikubaliwa London mwaka 1939. Lakini bendi za Uingereza za vyombo vya shaba hazikufuata. Zilikuwa na kipimo chao cha zamani, A ya karibu 452, na kukibadilisha kulimaanisha kununua bendi nzima upya. Nani angelipa? Wakabaki nacho mpaka miaka ya 1960. Vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo vilikatwa vifupi kwa makusudi ili vifike 452.

Konati yako haijapanda, mwanangu. Ilizaliwa huko juu.

Maandishi ya St Albans peke yake hayatoshi, maana kiwanda kilitengeneza vya 440 pia baadaye. Ushahidi ni ile 45 yako. Mwalimu, fanya hesabu.

Mwalimu_Lab

Nimefanya, na nywele zimesimama. Kutoka 440 hadi 452 ni senti 46 na ushee. Amepima 41 hadi 48, bandimasta 42 na 43. Inaingia kama ufunguo.

Kwa wanaopenda namba: 452 ni kubwa kuliko 440 kwa karibu asilimia 2.7. Bomba la konati likinyooshwa ni kama mita 1.4. Asilimia 2.7 ya hapo ni karibu sentimita 4 za kuongeza. Slaidi ina miguu miwili, kila ukiivuta sentimita moja, bomba linarefuka mbili. Kwa hiyo unatakiwa uvute sentimita 2 zaidi ya hapo ulipo sasa.

Konati_Kondele

Nimesoma hii post mara tatu. Mzee wangu alikuwa anasema kweli.

Lakini slaidi imekwama palepale kwenye upana wa kidole. Rafiki yangu ana karakana ya pikipiki, anasema analeta koleo.

MzeeTromboni

HAPANA.

BesiMzito

Koleo peleka kwa pikipiki. Shaba ya konati ni nyembamba kama bati la sigara. Ukiiminya mara moja imekwisha, slaidi haitaingia wala kutoka maisha yake yote.

TenaHoni_Nakuru

Fanya hivi, nimefanya na honi ya shule iliyokaa stoo likizo mbili. Nunua mafuta ya kulegeza nati kwenye duka la spea. Weka tone moja pale slaidi inapoingia, kila mguu, chombo kikiwa kimelala ili mafuta yaingie kwenye mwanya badala ya kutiririka kuelekea valvu. Acha usiku kucha. Asubuhi zungushia maji ya uvuguvugu, si ya chai. Kisha pitisha kitambaa imara, leso iliyokunjwa inafaa, ndani ya lile pindo la slaidi, mtu mmoja ashike konati kwa mwili wake (si kwa valvu), mwingine avute kitambaa kwa kunyoosha moja kwa moja. Mvuto mfupi wa ghafla, urudie. Isipotoka, mafuta tena, siku nyingine. Usikasirike. Slaidi inajua ukikasirika.

Ikitoka, miguu yake utaikuta imeota ukijani. Sugua kwa kitambaa na sabuni, kausha, paka Vaseline kidogo, rudisha.

Vaseline ni ya slaidi tu! Ukiweka kwenye valvu zitasimama katikati ya ubeti. Valvu zinataka mafuta mepesi.

Rift_Bandsman

Hapo kwenye valvu, mafuta ya cherehani yanafaa? Sisi shuleni tulitumia ya kupikia.

TenaHoni_Nakuru

Ya kupikia yanaganda kama uji, na chombo kinanuka chapati. Ya cherehani ni mazito kidogo lakini kwa shida yanasaidia. Mafuta maalum ya valvu chupa moja inakaa miezi, changeni.

Konati_Kondele

Siku nne baadaye.

Nimempigia mzee kwanza. Nikamweleza habari ya 452. Akanyamaza kwenye simu nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Nani amekuambia hayo?" Nikasema mzee mmoja wa tromboni kwenye mtandao. Akasema, "Huyo amepuliza." Akanipa ruhusa ya mafuta na leso.

Usiku wa kwanza, hakuna kitu. Usiku wa pili, hakuna. Juzi asubuhi mke wangu ameshika konati kifuani kama mtoto, mimi leso ya mama yake mkononi. Mvuto wa tano ikatoa mlio, POP, nikaanguka kwenye kochi na slaidi mkononi. Ndani kulikuwa na uchafu wa kijani na kijisehemu cha unyasi. Unyasi umefikaje huko sijui.

Nimesafisha, nimepaka, nimevuta zile sentimita 2. Mshale: 6. Nikaongeza nywele moja. Umesimama katikati, KIJANI, mara ya kwanza tangu nipakue hiyo programu.

Sasa swali jipya. C sawa, G sawa. Lakini nikishuka kwenye D ya chini, valvu ya kwanza na ya tatu, iko juu tena, 25. C shapu (nusu hatua juu ya C), valvu zote tatu, sitaki hata kuitaja. Na ile E ya juu, ya nafasi ya nne kati ya mistari ya noti, inashuka. Nimekosea wapi?

Mwalimu_Lab

Hujakosea. Kila valvu ina kipande chake cha bomba kinachojiunga ukibonyeza. Hivyo vipande navyo vilikatwa kwa 452, na wewe umerefusha bomba kubwa tu. Virefushe pia kwa asilimia ileile: slaidi ya valvu ya kwanza ivute milimita 2 au 3, ya pili milimita 1, ya tatu milimita 4. Bonyeza valvu husika unapovuta slaidi yake, la sivyo inanyonya hewa na utapata POP nyingine.

Hata baada ya hapo D na C shapu zitabaki juu, na hiyo ni konati yoyote duniani. Kipande cha valvu ya tatu kimepimwa kwa ajili ya bomba lililo wazi. Ukishabonyeza ya kwanza, bomba limekuwa refu, na kile kipande hakitoshi tena. Ni kama kuongeza chumvi ya sufuria ndogo kwenye sufuria kubwa. Zikiwa tatu pamoja upungufu ni mkubwa zaidi.

Na E ya nafasi ya nne iko chini kwa maumbile, karibu senti 14 ukilinganisha na kinanda. Usityuni chombo kwa E hata siku moja. Tumia C, kisha hakikisha na G.

BesiMzito

Kwa D, kama slaidi ya tatu ina kipete cha kidole, isukume nje unapofika hapo, irudishe ukitoka. Kama haina, legeza midomo ishuke. Hapo ndipo lile somo langu la viganja linapofanya kazi 😄

Na sasa simu weka mfukoni. Mwombe mwenzako apige C ndefu, nawe ingia taratibu. Mkitofautiana kidogo utasikia sauti inayumba, wawawawa. Hiyo yumba ndiyo kipimo. Ikiwa mara nne kwa sekunde mko mbali kwa mitetemo minne. Sogeza slaidi. Ikipungua kasi unaelekea pazuri, ikiongezeka umekwenda upande usio. Ikilala kabisa, umefika. Wewe umetoka kwaya, sikio unalo tayari. Imba ile C kichwani kabla hujaipuliza.

Konati_Kondele

Hiyo yumba nimeisikia leo! Zamani ilikuwa haraka mno, kama mashine ya posho, nikadhani ni kengele ina ufa.

Kibuye_Boy

Swali la mtu asiyepuliza chochote. Kama konati ilikuwa juu hivi, huyo baba mkubwa alipuliza na nani miaka hiyo yote bila kufukuzwa?

MzeeTromboni

Na waliokuwa juu vilevile. Bendi ilipokea vyombo vyote vya kipimo kimoja. Wakikaa pamoja hakuna yumba hata chembe. Shida ilianza vilipoanza kuja vipya vya 440, vikachanganywa na vya zamani, na kila bandimasta akadhani wazee wamesahau kupuliza. Wengine waliacha kwa aibu.

Konati_Kondele

Mzee, umenigusa. Nilikwenda Vihiga jana kumsalimia, nikamsomea hiyo post yako kwa sauti. Hakusema kitu. Akanituma nyuma ya kabati. Kuna tena honi moja na bariton moja zimefungwa kwenye gunia, zina nakshi ileile. Bariton valvu zake zimekwama zote. Tena honi inalia, nimepima: 47.

Amesema konati niisukume irudi ilikokuwa nikiwa kwake, nikirudi Kisumu niivute tena. Nimeweka alama mbili za penseli kwenye mguu wa slaidi.

@TenaHoni_Nakuru, valvu za bariton naanzia wapi? Leso ipo.

TenaHoni_Nakuru

Leso weka kando, valvu hazivutwi. Fungua kofia za chini kwanza, weka mafuta mepesi juu na chini, usiku kucha. Halafu fungua uzi mwingine na uweke picha. Huyu mzee asifikiriwe tena kwamba alikosea.